Vita vya Aukuso na Nguruwe Mfu

Sogeeni, enyi watu wa kisiwa cha Savai'i, nanyi mnaokula vya tanuri ng'ambo ya maji. Acheni kupepea nzi, msikie habari nzito. Namtukuza Aukuso, fahali wa majikoni, mpasua nazi asiyeogopa moshi, aliyehamia ukweni akawa mpishi, kama ilivyo ada yetu kwa mume mhamiaji. Mama mkwe wake, Fuatino, alimwita "huyu wa Sulami" tu, kwa kijiji alikotoka. Jioni hiyo alikabidhiwa nguruwe wa kumpikia mchungaji, akaapa kwamba leo ataitwa mtu.

Nguruwe alikwisha kuchinjwa na kupasuliwa, mara kengele ya sala ikalia. Shujaa akakimbilia ndani, akaketi, maana saa ya sala hatembei mtu kijijini. Lakini alisahau kuujaza mzoga mawe ya moto, na tumbo tupu ni mlango wazi kwa kifufua, mdudu laini aingiaye mzoga, akausimamisha, akautembeza hadi baharini akatage mayai.

Wimbo haujafika ubeti wa pili, nguruwe akapita mlangoni, tumbo wazi, kwa mwendo wa bwana harusi.

"Huyu wa Sulami," Fuatino akanong'ona, "chakula cha mchungaji hicho kinakwenda kuoga. Kikifika majini, na wewe pitiliza mpaka kwa mama yako."

"Mama, nikisimama tutatozwa faini."

"Nani kakwambia usimame?"

Ndipo Aukuso alipokwenda vitani kwa makalio. Alipita tanurini akanyakua jiwe la moto kwa koleo, akajikokota juu ya changarawe huku akiimba, kikoi kikibaki nyuma vipande vipande. Kijana wa zamu, mlinzi wa saa ya sala, akamzuia.

"Unakwenda wapi, kaka?"

"Siendi. Nimekaa."

Kijana akafikiri sana. "Haya, endelea kukaa."

Mawimbi yalikwisha kulamba kwato za nguruwe Aukuso alipoukumbatia mguu wake wa nyuma. "Ewe mzoga usio haya," akanguruma, "hukuchinjwa ili utembee pwani. Rudi ukaliwe kwa heshima." Akasukuma jiwe tumboni. Kifufua kikaruka nje kikifoka mvuke, na nguruwe akamwangukia shujaa kifuani.

Kengele ya kumaliza sala ikalia. Fuatino akaja, akamtazama nguruwe, kisha makalio ya mkwewe. "Mleteeni mwanangu mafuta ya nazi," akasema, kijiji kizima kikasikia.

Kesho yake kanisani, mshindi wa pwani, tumbuizo la vizazi, alisimama ibada nzima kwa kuwa kukaa kulimshinda. Fuatino naye akasimama kando yake mpaka mwisho.