Kichwa Kwangu, Reli kwa Mdogo Wangu

Jumatatu, 6 Julai
Mzigo umefika. Treni ya kuchezea ya marehemu baba! Kichwa na mabehewa manne, kutu tupu. Reli na kisanduku cha umeme kaachiwa mdogo wangu. Shangazi, aliyeniletea, anasema baba aligawa hivyo makusudi, maana mimi na mdogo wangu hatujasemezana mwaka wa pili sasa. Nimemwelewa baba vizuri sana. Alijua nani mwenye akili, akampa kichwa. Mwenzangu kapewa vyuma vya kulala sakafuni.

Nimpigie simu mimi? Ng'o! Yeye ndiye aliyeniita mwenye kiburi mbele za watu. Mpango ni huu: nisafishe treni, niipake rangi mpaka iwake, nimtumie picha. Wivu utamtafuna. Ataleta reli mwenyewe, tena kwa kubembeleza.

Jumanne, 7 Julai
Muuza rangi alinionya kwamba dawa ya kutu nitumie kidogo, kwa pamba, penye kutu tu. Watu wa madukani wanapenda kujifanya walimu. Nimeloweka kichwa kizima ndooni, nikajilaza kidogo.

Loo! Kutu imetoka. Rangi ya kijani nayo imetoka. Nambari aliyoiandika baba kwa mkono wake, imekwenda. Chuma kimebaki uchi wa mnyama. Nilikaa nacho mapajani muda mrefu. Nikasema ni hii dawa inayowasha macho. Nilisema kwa sauti kabisa, ingawa chumbani hamna mtu.

Jumatano, 8 Julai
Muuza rangi kauliza nataka kijani gani: cha jani, cha chupa, au cha magari ya jeshi? Anayekumbuka ni mtu mmoja tu duniani, na huyo simsemeshi. Nikampigia shangazi nimchimbe kidogo. Akasema nikamuulize mdogo wangu, akakata simu. Ukoo mzima umeniamulia!

Nimechagua mwenyewe. Nimepaka juu, chini, magurudumu, kila kitu, tena mara mbili. Nikatuma picha bila neno hata moja. Majibu yalikuja kabla sijaosha brashi. Anasema hiyo ni rangi ya geti, na kwamba Jumamosi anakuja na reli zake. Kanasa! Nimeusoma ujumbe huo tena na tena, kuhakikisha tu.

Ijumaa, 10 Julai
Nimefagia. Nimefagia tena. Mama mpangaji wa chumba cha pili aliuliza kama nangoja mchumba. Nikamjibu nangoja adui. Akasema adui huyo ana bahati, maana tangu ahamie hapa hajawahi kuniona nikifuta dirisha. Umbea mtupu.

Jumamosi, 11 Julai
Kaja. Kanenepa, kaota mvi. Kaniamkia kwa shikamoo kana kwamba hatukugombana. Nilikuwa nimejiandaa kumpokea kwa ubaridi, nikashtukia nimeshampokea mzigo, nimeshamvutia kiti.

Tukatandaza reli kwa duara, toka kitandani hadi mlangoni. Nikawasha kwa mbwembwe zote. Kimya! Haikutikisika hata chembe. Mdogo wangu akakipindua kichwa cha treni, akayaona magurudumu, akacheka mpaka akakaa chini. Akaeleza kwamba umeme hutoka kwenye reli ukapanda magurudumuni, na mimi nimeuzibia njia kwa rangi. Nikasema lilikuwa jaribio.

Akakwangua rangi kwa kisu, taratibu, kaung'ata ulimi pembeni vilevile kama baba. Ikaenda! Tulilala kifudifudi kuitazama, wazee wazima, tukipiga honi kwa midomo. Sijafurahi hivyo tangu sijui lini. Tukanywa chai. Kikombe nilimpa yeye, mimi nikanywea bakuli, kwa kuwa kikombe ni kimoja.

Wakati wa kuondoka akasema reli zibaki hapahapa, zisitengane tena na kichwa. Na kama sina neno, atakuwa anakuja kila Jumapili, kuanzia kesho. Moyo ulinipaa! Nilitaka kumwambia asiondoke kabisa. Lakini ukikubali upesi unaonekana rahisi. Nikamwambia Jumapili hapa kwangu hujaa wageni. Akalitazama lile bakuli, kisha akasema basi atapiga simu kwanza.

Jumapili, 12 Julai
Kapiga! Simu ilikuwa mkononi mwangu tangu asubuhi, lakini niliiacha iite kidogo, asije akadhani nilikuwa naingoja. Akauliza kama wageni wapo. Nikafungulia redio hadi mwisho, nikapaza sauti kwamba nyumba imefurika, watu hawana hata pa kukaa. Kisha akasema haya kaka, hataki kunisumbua, na sauti yake ilikuwa imenywea.

Nikakata simu, nikazima redio. Kanyooka! Sasa anajua kaka yake ni mtu wa watu. Treni ilizunguka mpaka giza likaingia, nami peke yangu nikiipigia honi. Jumapili ijayo nitatafuta kipindi chenye watu wanaocheka.