Boila ya Ofisi na Bia ya Baba Mkwe

Jumatano, 3 Septemba

Leo nimepata wazo. Nimelipata saa nne asubuhi hapa masjala, katikati ya jalada la likizo na jalada la usafi, na tangu hapo sijafanya kazi yoyote ya maana. Kwa hiyo siku imekwenda kama kawaida.

Baba mkwe anatimiza miaka sabini tarehe 27. Nimemwoa binti yake miaka kumi na moja sasa, na mzee hajawahi kuniita "mkwe wangu." Ananiita "huyu." Huyu naye amekuja? Huyu amekula? Mwambie huyu asogeze kiti. Nilipolazwa kwa ajili ya mgongo, alipiga simu kumuuliza mke wangu kama huyu ameamka. Nataka aniite mkwe wangu. Mara moja tu, mbele za watu. Sidai zaidi ya hapo.

Kikwazo ni Shemeji Fundi, kaka wa mke wangu. Ni fundi bomba, na anapika bia nyumbani kwake kwenye sufuria. Mara ya mwisho mzee alikunywa glasi mbili akasema kijana ana mkono. Ana mkono! Mimi ninayo miwili.

Nimetazama video nikiwa nimejificha nyuma ya kabati la majalada. Yule bwana anasema mtambo hauhitajiki. Boila yoyote kubwa ya umeme inatosha. Unachemsha kimea cha shayiri, unatia maua makavu ya hopsi yanayoleta ule uchungu, unapoza, unatia hamira, unasubiri. Ofisini kwetu tuna boila ya chai. Lita ishirini, haishiki kutu, ina koki mbele.

Sufuria ya Shemeji Fundi haina koki.

Ijumaa, 5 Septemba

Boila iko chini ya Mama wa Chai. Miaka kumi na tisa anatuchemshia chai, na katika ofisi hii inayolalamikia kila kitu, hata kalenda, chai yake haijawahi kulalamikiwa. Nimemwambia nina wageni ishirini wikiendi hii. Akanitazama. Akauliza ni wageni wa wapi. Nikasema wa sehemu mbalimbali.

Akaniazima. Akaikausha kwa taulo lake mwenyewe, akaniambia neno moja tu: maji, mwanangu, humu yanaingia maji basi. Nikaapa. Nimeapa nikiwa na kilo tatu za kimea mfukoni mwa begi, na sauti haikutetemeka. Nina kipaji.

Mke wangu amenifungulia mlango, akaitazama boila, akanitazama mimi, akauliza kuna nini. Nikamwambia ni siri ya ofisi. Akasema basi siri hiyo isikae juu ya meza yake ya kulia chakula.

Jumamosi, 6 Septemba

Lo!

Video ilisema mchanganyiko uchemke saa nzima mfululizo. Boila ya chai haijui habari hiyo. Ikishachemka tu, tak! inajizima. Imetengenezwa hivyo, ndiyo kazi yake. Nikabonyeza. Tak! Nikabonyeza tena. Tak! Nimebonyeza mara arobaini na tatu, kidole kimevimba. Nikachukua mwiko, nikauegemeza kwenye kitufe, nikaufunga kwa mkanda wa gauni la mke wangu. Ikatulia. Nikajipongeza. Nikaketi.

Ndipo nikasikia harufu ya uji ulioungua.

Kimea chote kilikuwa kimezama chini na kung'ang'ania pale penye joto. Kumbe kinatakiwa kutiwa kwenye mfuko. Bwana wa video alisema hivyo dakika ya tisa, nami niliacha dakika ya nane kwa sababu bosi alipita. Nikafungua koki niokoe kinachookoka. Ikatoa matone mawili, ikaziba kwa maganda. Nikapuliza koki kwa mdomo. Sitaandika kilichofuata. Uso umepakwa mafuta, mke wangu anasema haitaacha alama.

Halafu umeme ukakatika jengo zima. Jirani wa ghorofa ya juu, mwalimu mstaafu, akashuka na mapovu ya sabuni kichwani kuuliza ni nani anayechomelea vyuma. Nikamwambia hata sisi tunashangaa. Mwiko ulikuwa bado mkononi, umefungwa mkanda.

Lakini kazi imekwisha! Lita kumi na tano, rangi ya kahawa nzito. Ziko kwenye ndoo yenye mfuniko, ndani ya kabati la ukumbini, pamoja na hamira. Nimebandika karatasi: NYARAKA, HAIRUHUSIWI KUFUNGULIWA. Mke wangu amesoma akasema ni nyaraka za kwanza kuzisikia zikicheua.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimerudisha boila. Niliisugua mara tatu, kwa sabuni, kwa siki na kwa mswaki wangu. Ilikuwa inang'aa.

Saa nne chai ikaja. Mhasibu akanywa, akairudisha kikombeni. Msichana wa mapokezi akauliza kama ni dawa. Bosi akatoka ofisini kwake na kikombe mkononi, jambo ambalo halijatokea tangu nilipoajiriwa, akasema mbele ya watu wote kwamba labda Mama amechoka sasa, labda tununue ile mashine ya chai ya pakiti. Mama wa Chai akaonja. Aliweka kikombe chini akavuta sinia, na mikono yake ikawa inatafuta pa kushika.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Nikafungua mdomo nikasema siku hizi maji yana shida.

Nimejiona hovyo kabisa. Naandika wazi kwa sababu hapa hasomi mtu. Mchana sikula, isipokuwa kidogo.

Alhamisi, 11 Septemba

Chai imerudi. Mama wa Chai amechemsha maganda ya ndimu katika boila siku tatu, asubuhi na jioni. Mhasibu amekunywa vikombe viwili, bosi vitatu. Habari za mashine zimekwisha. Nikamwambia nilijua tu maji yatatengemaa.

Niliporudi mezani nikakuta karatasi laini imekunjwa vizuri. Ndani yake kulikuwa na maganda manne ya shayiri. Baadaye alipita na sinia akaniuliza, taratibu, wageni wangu walikunywa nini. Nikasema chai. Akasema wageni wa namna hiyo, mwanangu, wapewe nyasi. Akaendelea na safari yake. Hajamwambia mtu yeyote. Mtu akikusema unaweza kumjibu. Huyu mama ameniacha hivihivi, nami siku nzima nimekuwa nikimsaidia kubeba vikombe.

Ijumaa, 26 Septemba

Kesho ndiyo kesho. Nimefungua ndoo. Bia ina harufu ya... bia. Na ya uji. Na ya kabati. Nimeonja kijiko kimoja nikashushia na glasi mbili za maji, lakini nina hakika ladha yake inahitaji mtu mzima wa miaka sabini.

Shida ni kuipeleka. Shemeji Fundi ana chupa, kila moja na nembo aliyochora mwanawe. Nitamshinda kwa lipi? Kwa koki! Mzee anyanyuke mwenyewe, afungue koki, bia itiririke mbele za watu. Lakini boila ni ya ofisi, na Mama wa Chai nikimwomba atanitazama tena vile.

Kwa hiyo sikumwomba. Nilisubiri aondoke, nikaibeba. Lakini mimi si mwizi, mimi ni karani. Nimejaza fomu ya kuazima kifaa. Nimeiomba mimi, nimeipendekeza mimi, nimeiidhinisha mimi. Nimejaza kila mstari, pamoja na mahali kifaa kitakapotumika: kwa baba mkwe wangu, mtaa, namba ya nyumba, geti la kijani. Fomu yenye mstari mtupu siwezi kuivumilia, naumwa. Kisha nimeifungia kwenye jalada la matengenezo, kabati la nne, ambalo halijafunguliwa na mtu tangu nianze kazi.

Jumamosi, 27 Septemba

Niandike kwa mpangilio.

Saa tisa tulikuwa uani kwa baba mkwe, watu kama thelathini. Meza moja chupa za Shemeji Fundi, meza ya pili boila yangu, imejaa bia, imefunikwa kitambaa cheupe. Mke wangu aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia anitazame tu. Akasema ndicho anachofanya kwa miaka kumi na moja.

Nikaenda kupanga viti. Hapo ndipo shangazi wa mke wangu, dada wa baba mkwe, mama mwema asiyeweza kuona kitu kimekaa bure, alipoona boila ya chai. Akaichomeka kwenye umeme.

Niliporudi nikaomba watu wanyamaze. Nikatoa hotuba fupi. Nikamkaribisha mzee, akanyanyuka, akafungua koki mwenyewe kama nilivyoota. Ikatoka bia ya moto, inafuka moshi, na povu juu kama nguo zimelowekwa. Harufu ya uji ulioungua ikafika hadi getini. Mzee akapuliza. Akaonja. Akamgeukia mke wangu akauliza: "Huyu ametuletea nini?"

Tak! ikasema boila.

Nilitaka ardhi ipasuke. Badala yake likafunguka geti la kijani, akaingia Mama wa Chai na mkoba wake, na fomu yangu mkononi. Kumbe Jumatatu bosi ana wageni, na Mama alikuja ofisini leo kuisugua boila, hakuiona. Na kumbe kabati la nne hulifungua yeye kila Jumamosi. Ndiye anayelifuta vumbi, jalada kwa jalada. Miaka kumi na tisa!

Nikasubiri aniumbue. Ilikuwa haki yake. Akamsalimia mzee, akampa hongera ya miaka sabini, akauliza jiko liko wapi. Akamwita Shemeji Fundi wakaibeba boila. Lita kumi na tano zangu zikaenda mtaroni mbele ya macho yangu, na sinki la baba mkwe likalalamika. Wakasugua, wakatia ndimu, wakatia maji. Baada ya nusu saa ikatoka chai.

Mzee akanywa kikombe. Akanywa cha pili. Cha tatu akafumba macho, akasema tangu afiwe na mkewe hajanywa chai ya namna hii, imepikwa na nani? Mama wa Chai akanitazama vile anavyonitazama. Akasema: "Boila kaleta mkweo, mimi nimekuja kuchemsha maji tu."

Mzee akagonga kiti kilicho kando yake. "Mkwe wangu," akasema, "sogea hapa."

Nimeenda bafuni kunawa uso. Nimenawa muda mrefu sana.

Jumapili, 28 Septemba

Nimelala vizuri, nimetafakari kwa utulivu, na sasa nauona ukweli wote.

Nimeshinda. Chai ile haikuwa chai ya kawaida, mzee mwenyewe alisema ya namna hiyo hajanywa miaka. Siri ni nini? Ni bia yangu iliyotangulia kukaa ndani ya chuma. Mama wa Chai ana bidii, simnyimi haki yake, lakini msingi niliuweka mimi. Nimemweleza mke wangu. Ametoka chumbani akafunga mlango, nadhani ameguswa.

Kosa langu lilikuwa moja, boila ndogo. Yenye kujizima. Na ya kuazima. Isitoshe, Mama wa Chai leo amenipigia simu kunijulisha kwamba ameinunulia mnyororo.

Haidhuru. Asubuhi baba mkwe alipiga simu. Kwangu mimi, si kwa mke wangu! Anamsindikiza shangazi kwake, atakaa huko wiki nzima, na amesema funguo za nyumba atamwachia mkwe wake. Siyo Shemeji Fundi. Mimi.

Ni heshima kubwa, na nitailinda. Jana nilipokuwa nanawa uso niliinua macho nikaona hita ya bafuni kwake. Lita hamsini! Haijizimi ovyo. Na chini yake, kwa wema wa aliyeitengeneza, kuna koki.

Fomu nimeshajaza. Safari hii imekuwa rahisi, haina anwani ya mtu kunifuata. Mahali kifaa kitakapotumika: papo hapo.