Ekzosi ya Kumpelekea Bibi Harusi

Jumapili, 8 Juni

Ushindi! Ekzosi mpya imefungwa. Nimeifunga mwenyewe, chali chini ya gari, kwa spana ya kuazima na akili ya kuzaliwa nayo. Bomba linang'aa, mdomo mpana kama tarumbeta. Nikiwasha, kuku wa jirani wanahama mtaa.

Zile raba kuukuu zilizoning'iniza bomba la zamani nimezitupa. Laini mno! Bomba lilikuwa likichezacheza. Gari la harusi halichezi. Hili jipya nimelibana kwenye bodi chuma kwa chuma, nati zote, kwa nguvu zilizonibakia.

Nasema gari la harusi kwa sababu Jumamosi binti yangu anaolewa. Binti yangu wa pekee. Na leo mke wangu, huku anakusanya sahani na hanitazami, ametangaza kwamba bibi harusi ataendeshwa na mjomba wake. Yaani shemeji yangu! Kisa? Ana gari jipya, jeupe, kimya. Linanyata kama paka anayekwenda kuiba samaki. Nikauliza, na baba mzazi je? Atashika maua, akajibu.

Nishike maua! Mimi niliyemfundisha huyo mtoto kutembea!

Nimekata rufaa kwa binti mwenyewe. Kasema atapanda langu mradi lisimvunje kiuno. Alhamisi atalijaribu. Hakuna shida.

Jumatatu, 9 Juni

Kuna shida. Ndogo. Gari linatetemeka. Kioo cha pembeni kinanionyesha magari matatu kila linapokuja moja. Meno yamegongana tangu nyumbani hadi kazini, na mlinzi wa getini kaniuliza kama nimekunywa dawa ya malaria.

Nimemweleza kwamba kitu kipya lazima kikakamae. Kiatu kipya hakibani? Basi.

Jioni nimekaza nati zote tena. Mtetemo umeongezeka. Dalili njema: chuma kinaitikia dawa.

Jumanne, 10 Juni

Shemeji kaja. Hakuna aliyemsikia akifika; tumegeuka tu, huyu hapa mlangoni, kama deni. Akaniuliza, kwa huruma ya kujifanya, kama siku hizi nasaga unga wa watu, maana mashine imesikika tangu barabarani.

Kisha akafanya kiini macho chake. Kaomba glasi ya maji, kaiweka juu ya boneti ya gari lake, injini imewashwa. Maji hayakutikisika. Akaihamishia kwenye boneti yangu, injini nayo imewashwa. Glasi ikasimama kidogo, kama inayofikiri. Kisha ikaanza kutembea. Naapa! Ilitembea yenyewe hadi ukingoni, ikajitupa.

Mke wangu akasema ile ilikuwa glasi ya wageni. Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Cheka tu, shemeji. Mcheka kilema hafi bila kumfika. Waliosema hivyo hawakuwa na ekzosi, lakini waliwajua mashemeji.

Jumatano, 11 Juni

Mpango mpya, wa kisayansi. Kinachotetemeka ni chepesi. Umewahi kuona mlima ukitetemeka? Nimepakia viroba viwili vya mchanga kwenye buti. Kiti cha bibi harusi nimekiwekea mito mitatu ya sebuleni. Redio nimeifungulia hadi mwisho, ili anayetetemeka adhani anacheza muziki.

Matokeo: gari sasa linatetemeka kwa heshima, kama mzee anayekaribia kukasirika. Kwenye tuta la pili kioo cha ndani kimechomoka kikaniangukia mapajani. Nimejitazama. Nimezeeka tangu Jumapili.

Mke wangu anatafuta mito yake. Nimemsaidia kutafuta.

Alhamisi, 12 Juni

Jaribio. Binti kapanda, kakaa juu ya mito, kichwa kimegusa paa. Nikaondoka taratibu, redio juu, tabasamu juu. Nikamuuliza anaonaje. Jibu likatoka vipande vipande, kama simu yenye mtandao mbaya. Nilichoambulia ni "ba-ba-ba-ba". Hereni moja ikadondoka. Ya pili ikaifuata.

Aliposhuka hakunigombeza. Heri angenigombeza! Alinikumbatia, akaniambia niache tu mjomba aendeshe, mimi nikae naye nyuma nimshike mkono, maana anaogopa. Anaogopa harusi, siyo gari. Hajala tangu juzi.

Nimejifungia chooni nikaosha uso sana. Sitaki kukaa nyuma. Nilimleta huyu mtoto nyumbani kutoka hospitali kwa gari hili hili. Kesho naenda gereji. Ndiyo, kwa fundi. Nimeandika, basi.

Ijumaa, 13 Juni

Fundi ana mdomo mrefu kuliko ekzosi yangu. Kaingia chini ya gari. Halafu nikaona viatu vyake vinatikisika. Anacheka! Akawaita na wenzake waje watazame kabla hajafungua, wasije wakasema kawadanganya.

Maelezo yake: injini haiachi kutikisika, ndiyo kazi yake, na bomba nalo hutikisika nayo. Raba kazi yake ni kuumeza ule mtikiso. Mimi nimelifunga bomba kama mbuzi wa kuchinjwa, kwa hiyo mtikiso wote unapanda kwenye bodi, kutoka kwenye bodi unaingia kwenye makalio ya abiria. "Mzee, hapa ulikuwa unamkaanga bibi harusi!" Akaondoa vyuma vyangu, akaweka raba mpya, akalegeza hiki na kile. Akaniapisha nisiguse.

Kawasha. Jamani! Mnong'ono mtupu! Nilikimbiza gari nyumbani, nikaita watu wote uani, nikaweka glasi ya maji bonetini. Tuli! Binti akaruka, akapiga makofi, akasema kesho dereva ni baba. Shemeji kaambiwa akae mbele na ashike maua. Ashike maua! Nimekula sahani mbili.

Baadaye kabla ya magharibi nikachungulia chini ya gari, kulipongeza tu bomba. Nikaligusa kwa kidole. Likabembea! Fundi kaliacha linaning'inia kwa vipande vya raba, na kesho nabeba mtoto wa watu. Mtoto wangu! Haya, kaniapisha. Lakini mafundi huapisha kila mtu, ndivyo wanavyokula.

Nimelikaza kwa vyuma vyangu vya zamani. Kidogo tu. Na waya kidogo.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi bibi harusi hakunywa hata chai. Mikono baridi, machozi karibu. Mama yake kambembeleza, shangazi zake wamembembeleza, wapi. Kapanda nyuma na mama yake.

Kona ya kwanza, mtetemo! Wote wa Jumatano, na nduguze. Maua yakaanza kupukutika juu ya suti ya shemeji. Alijaribu kuyaziba kwa mikono; yakapukutika kwa kasi zaidi, akabaki ameshika vijiti. Binti akafungua mdomo kusema "baba, polepole". Ikatoka sauti ya mbuzi. Mama yake akataka kunikaripia. Ikatoka sauti ya mbuzi mkubwa.

Hapo binti akacheka. Akacheka mpaka akalala kwenye bega la mama yake, naye mama mtu akashindwa, na shemeji, petali puani, akacheka kwa kulazimishwa na viungo vyake mwenyewe. Tulikwenda hivyo njia nzima. Mimi nilicheka kidogo. Nilikuwa na usukani.

Mbele ya ukumbi, wageni wamesimama wamejipanga, bomba likakatika. Likaanguka kwa kishindo, injini ikanguruma kama ndege inayopaa. Watu wakadhani ndiyo shamrashamra zenyewe, vigelegele vikapasuka! Bwana harusi aliruka hatua nzima nyuma. Binti kashuka meno yote nje, kaninong'oneza kwamba hofu imemdondoka njiani, kama unga kwenye chekecheke.

Nimemwambia ndivyo nilivyopanga.

Jumapili, 15 Juni

Shemeji kaja. Safari hii alipiga simu kwanza. Kazungukazunguka, kakohoa, mwishowe katapika: watu wote wanazungumzia tulivyowasili. Gari lake lilifika nyuma yetu likiendeshwa na jirani, na hakuna aliyejua limefika! Je, naweza kumfungia ekzosi kama ile?

Nimekunja mikono ya shati. Raba zake nimeshazitoa nikazitupa, bomba nimelibana chuma kwa chuma. Akauliza kama hazikuwa na kazi. Nikamweleza, kwa subira, kwamba raba huwekwa na mafundi ili bomba lilegee na mteja arudi.

Alipoweka glasi bonetini kwa mazoea, mke wangu alitoka ndani, akaichukua, akaweka kikombe cha plastiki.

Nimewasha. Kikombe kimesimama kidogo, kama kinachofikiri. Kisha kikaanza kutembea.

Kinaitikia dawa. Nimekaza tena kidogo.