Umio Mkaidi wa Mwoka Mikate

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya aibu. Msimamizi wetu wa tanuri anastaafu mwishoni mwa Agosti. Tajiri mwenyewe, mama mwenye kiwanda cha mikate, alikuja asubuhi kututangazia. Nikaiona nafasi yangu. Nikachukua mkate mdogo wa moto, nikaumega kwa madaha, nikatafuna nikitikisa kichwa kitaalamu. Nikameza.

Haukushuka! Ulikaa katikati ya kifua kama mgeni asiyejua kuaga. Machozi, kamasi, mate. Kijiko akanitwanga mgongoni mbele ya watu wote. (Kijiko ni mwoka keki, hasimu wangu. Jina hilo kalipata kwa kuwa hakuna chungu ambamo hajajitia.) Mwishowe ukapita. Nikamwambia tajiri kwamba nimelia kwa uchungu wa kuagana na msimamizi. Msimamizi naye akalia.

Mke wangu anasema jambo hili si la leo. Eti miaka sasa mimi ndiye wa mwisho kunyanyuka mezani, kila tonge na funda lake la maji. Mimi nilidhani nakula kwa heshima. Keshanipangia hospitali.

Jumatano, 12 Juni

Wiki iliyopita waliniingiza mpira wenye kamera kooni, wakanyofoa vipande vya kupima. Leo majibu. Daktari ni binti mwenye sauti ya upole na macho ya askari wa forodha. Anasema umio wangu, yaani njia ya chakula, una mzio. Chakula kisicho na kosa kinapita, mwili wangu unapiga kelele za mwizi. Chembe nyeupe za damu zinakuja mbio, zinajazana ukutani, ukuta unavimba, njia inabana. Akanionyesha picha: pingili pingili, kama muwa. Ugonjwa wenyewe hauambukizi, haukomi moja kwa moja, ila unatulizwa. Nitumie dawa, niache ngano na maziwa, kisha wachungulie tena.

Ngano! Mimi, mwoka mikate!

Anasema kukanda ruhusa, kutia mdomoni marufuku. Nikajaribu kuelewana naye. Nikasema niache samaki badala yake, maana samaki sijawahi kumpenda.

"Mzee wangu," akasema, "hapa si sokoni."

Kwa bahati mbaya mke wangu alikuwepo, katega masikio yote mawili.

Jumamosi, 15 Juni

Kazini nimefanya siri. Nani atampa unahodha mtu anayezimia akiona maji?

Nyumbani ni mateso. Wali, maharage, viazi. Kesho viazi, maharage, wali. Mke wangu naye kaacha mkate, na chai yake anakunywa kavu. Anasema hawezi kula mbele yangu kile nilichonyimwa. Maneno mazuri. Yamenigusa sana, nikayatafakari nyuma ya stoo ya unga, nikiwa na kipande cha mkate wa maziwa. Kidogo tu. Nilikitafuna mpaka kikawa uji. Kilipita bila kubisha hodi!

Nimegundua kwamba tatizo halikuwa ngano. Ni haraka.

Alhamisi, 27 Juni

Dawa yenyewe ni kichekesho. Ni kile kikopo cha kupuliza cha wagonjwa wa pumu, ila mimi sitakiwi kuvuta. Napuliza mdomoni, nameza, kisha nakaa bila kula wala kunywa kwa muda. Ladha yake kama kulamba betri. Mke wangu husimama nje ya mlango wa bafu asikie "psss". Basi anasikia. Sinki letu sasa lina umio wenye afya kuliko umio wowote mtaani.

Halafu wala siumwi. Mtu akipona hujijua mwenyewe.

Jumatatu, 12 Agosti

Kesho mpira tena. Tangu juzi nimekuwa mtakatifu. Sijagusa hata chembe ya mkate. Dawa nimeipuliza kweli, tena maradufu, kufidia sinki. Hata shuleni nilisoma hivihivi, usiku wa kuamkia mtihani, na nilifaulu. Karibu.

Jumatano, 21 Agosti

Nimefeli.

Daktari anasema umio uko vilevile, na mahali pengine umezidi kubana. Akaniuliza kama nimefuata masharti. Nikasema nimeyafuata kama sala. Mke wangu akanitetea kwa ukali, akasema yeye mwenyewe ndiye anayepika, na dawa anaisikia kwa masikio yake. Daktari akakuna kichwa. Akasema basi, ikiwa ni hivyo, ngano na maziwa si wakosaji peke yao. Tuondoe na mayai, soya, karanga na samaki.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini mke wangu alikuwa keshanishika mkono.

Njiani akauliza kama huenda ni kile anachopika yeye. Nikamwambia inawezekana ni viazi.

Viazi! Sijui vilitoka wapi. Jioni alivigawa vyote kwa jirani. Kisha akakaa jikoni akilia kimyakimya, eti kumbe muda wote alikuwa ananilisha maradhi kwa mikono yake. Nikamwambia nimemsamehe.

Ijumaa, 30 Agosti

Naandika kitandani, hospitali. Sauti inakwaruza kama msumeno.

Leo ilikuwa siku ya kuchagua msimamizi. Tajiri alialika wateja wakubwa, wenye maduka na hoteli. Mimi na Kijiko kila mmoja kaoka mkate wake, na tajiri akataka kila mwoka ale wa kwake mbele ya wateja. Nilikuwa nimejipanga. Bonge dogo, chai nyingi, tabasamu. Wangu ulikuwa na ganda gumu lenye ufuta. Mzuri ajabu! Nao ukakwama palepale.

Mara hii hata chai haikupita. Hata mate. Niliegemea meza ya wateja, mate yakinitoka kama mtoto anayeota meno. Kijiko ndiye aliyenikokota hadi kwenye gari la kusambazia mikate, akaendesha mwenyewe, huku akinishikia beseni kwa mkono mmoja. Kaacha wateja, kaacha mkate wake mezani. Anapenda sana kujionyesha.

Walinitoa bonge kwa mpira. Daktari aliliweka kwenye kisahani cha bati. Ufuta wote ulionekana. Mke wangu alikuwa kasimama pale, kaja mbio, khanga kaifunga upandeupande.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Mkate wa ngano, mama," daktari akajibu. Akaongeza kwa upole kwamba siku nyingine huenda nisiwahi, au umio uchanike.

Mke wangu alikitazama kisahani muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Kisha akasema, "Mkate nakusamehe. Viazi sikusamehei."

Akatoka.

Jumapili, 8 Septemba

Mke wangu yuko kwa dada yake. Simu yangu hapokei. Kijiko ndiye msimamizi. Amenihamishia kwenye kufunga maboksi, mbali na vyakula vya kuonja, "kwa usalama wako, kaka." Ametengeneza hata mkate wa unga wa mchele, bila maziwa wala mayai, kaniletea mezani pangu. Dharau iliyoje! Nimeutupa.

Lakini sijalala. Daktari kapanga mpira mwingine. Mdogo wangu ana umio laini kama barabara mpya, na sote tumechukua sura ya baba. Ataingia kwa jina langu. Daktari hatashtuka: mimi ananijua zaidi kwa ndani. Majibu safi nitampelekea mke wangu mkononi, ataona nimebadilika, atarudi. Mdogo wangu anasema huu ni wazimu. Atazoea.

Nimeona nijipongeze, kipande kidogo tu, laini, cha katikati. Nusu kimeshuka. Nusu naisubiri. Naandika nimesimama, mkono mmoja ukutani. Kitashuka tu.