Impundu wa Kagunga

Jumatatu, 8 Septemba

Jumamosi ni uchaguzi. Nimekuwa Mwenyekiti wa Chama cha Madaktari wa Wanyamapori wa Ukanda wa Ziwa kwa miaka sita, na sioni kwa nini watu wazima kumi na wawili wajisumbue kupiga kura. Kiti kimeshanizoea. Lakini Dkt. Winfrida kachukua fomu. Mwanamke anayeshinda porini, matope mpaka magotini, ndiye anataka kukaa meza kuu na kufunguliwa maji ya chupa.

Leo Meshack, katibu wetu, kaja ofisini na katiba mkononi. Kanikumbusha kifungu cha tisa: mgombea uenyekiti awe amemtibu mnyamapori walau mmoja ndani ya mwaka uliopita. Nikamwambia kifungu nakijua, nilikitunga mwenyewe. Nilikitunga wakati Winfrida yuko Morogoro masomoni, hana hata panya wa kumgusa. Sasa karudi, na tangu Januari keshatibu nyani, kiboko na mamba. Mamba! Nani alimtuma?

Meshack kauliza, kwa ule upole wake wa kuudhi, mimi nimemtibu nani. Nikamtajia vikao nilivyoongoza. Akasema kikao si mnyama. Nikamtajia mbwa wa jirani. Akakohoa. Akasema nisipopata mnyama kabla ya Jumamosi, jina langu halitakuwemo kwenye karatasi ya kura.

Miaka sita, halafu nisiwemo. Nimekosa hamu ya kula. Mke wangu Zuleha anasema hamu imekosekana baada ya sahani ya pili.

Jumanne, 9 Septemba

Mpango wa kwanza: Bangwe. Kule tumbili wanaingia mpaka jikoni kwa watu. Katika kundi zima hakosekani mmoja mwenye kidonda. Nikanunua ndizi, nikabeba begi la dawa, nikaomba kukaa uani kwa mama mmoja mwenye mipapai.

Tumbili wa Bangwe wana afya mbaya sana kwangu. Meno meupe, manyoya yanang'aa. Nimekaa juani mpaka kichwa kikaanza kugonga. Hatimaye akatokea mmoja anachechemea. Nikamshukuru Mungu, nikamsogelea na ndizi. Akaipokea, akaacha kuchechemea, akachukua na kipimajoto changu, akapanda nacho mpapai. Mwenye nyumba akacheka mpaka akakaa chini. Anasema huyo ndiyo kazi yake, kila mgeni anamchechemea.

Nimemwambia Meshack kuwa nilifika karibu sana na mgonjwa. Kauliza ni nani aliyempima mwenzake.

Jumatano, 10 Septemba

Mungu si Athumani!

Asubuhi nimefungua kundi la chama kwenye simu. Winfrida kaandika: "Wenzangu, nyumbani kwetu Kagunga ni impundu tangu jana. Karibuni." Wengine wanajibu hongera. Meshack kaandika: "Mungu awakuze." Anajipendekeza tayari, mnafiki yule.

Impundu kwa Kiha ni sokwe. Daktari yeyote wa wanyamapori anajua, limo kwenye vitabu vyetu. Na mimi, ingawa wazee wangu ni Waswahili wa Ujiji, Kiha changu si haba. Kila mkutano naufungua kwa salamu yao, "mwakeye," na watu wanapiga makofi.

Sasa tazama ujanja wa huyu mwanamke. Sokwe wameingia kwao, na "awakuze" maana yake ni zaidi ya mmoja. Badala ya kuwatibu kimya kimya, anawaita wapiga kura wote waende wakamwone akiwatibu. Siku tatu kabla ya uchaguzi! Hii ni kampeni ya wazi. Nikajibu "Tuko pamoja," nikazima simu.

Mpango wa pili: nitangulie. Nimeufunga mkeka juu ya bunduki ya sindano za usingizi. Zuleha kashauri nimpigie Winfrida kwanza nimuulize vizuri. Nikamwambia mwindaji hapigi hodi. Akasema hata mwindaji huuliza njia. Nikabeba begi langu nikatoka, boti la Kagunga lilikuwa linakaribia kuondoka Kibirizi.

Alhamisi, 11 Septemba

Naandika nikiwa nyuma ya vichanja vya dagaa, Kagunga. Nimejificha. Nitaeleza kwa utaratibu ili kumbukumbu za chama zisije zikapotoshwa.

Nimefika kwao Winfrida asubuhi. Watu tele uani, sufuria kubwa mekoni, mbuzi beberu kafungwa kwenye mwembe. Nikajisemea, wanakijiji wamekuja kuwashangaa sokwe. Mlangoni alikaa bibi mmoja, Bibi Yunisi, bibi yake Winfrida. Kiswahili chake cha taabu kidogo, lakini nilikuwa na Kiha changu. Nikamwamkia "mwakeye." Akafurahi sana, akanimiminia Kiha kama dakika nzima. Nikaitikia kwa kichwa. Kisha nikamrudisha kwenye Kiswahili, kwa ajili yake.

Nikamuuliza wako wangapi. Akasema wawili. Nikauliza wakubwa au wadogo. Akasema wadogo, wamezaliwa juzi usiku, wote wa kiume. Sokwe kazaa mapacha ndani ya nyumba ya mtu! Na Mwenyekiti ndiye wa kwanza kufika! Nikauliza mama yao yuko wapi. Kalala chumbani. Nikauliza, anauma? Bibi akasikitika, akasema ndiyo, anaumwa kidogo, hasa mgongo, ila amekunywa uji.

Amekunywa uji. Hapo ningesita, lakini sokwe ni wepesi wa kuiga.

Nikamwomba Bibi awanyamazishe watu. Nikavaa barakoa na glavu, nikaitoa bunduki mkekani, nikaingia ukumbini kwa tumbo, kama tulivyofundishwa, ili mnyama asihisi kutishwa. Nikausukuma mlango wa chumba kwa ncha ya bunduki.

Kitandani alikuwa wifi yake Winfrida, Regina, na vichanga wawili kifuani. Pembeni, Winfrida mwenyewe na bakuli la uji.

Tukatazamana. Winfrida akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama nimekuja kumpiga mzazi sindano. Nikasema nimekuja kuwaona impundu. Akasema basi nisikilize. Na kweli, uani wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, kijiji kizima kinaitika. Hizo ndizo impundu, akasema. Vigelegele vya watoto kuzaliwa. Ndiyo, sokwe naye huitwa hivyo, alikubali, ila hajawahi kusikia watu wakialikwa kwa sokwe wakale pilau.

Regina ndiye aliyepiga kelele. Zilichelewa kidogo kwa sababu alikuwa anatafuta pumzi. Nikashtuka, nikasimama ghafla, nikageukia dirishani, na kidole kikafanya kazi yake. Sindano ikapita dirishani moja kwa moja mpaka kwenye paja la beberu. Kwa kipimo cha utaalamu, shabaha haikuwa na kasoro. Beberu akaniangalia, akapiga magoti, akalala.

Wazee wakauliza wamchinje haraka kabla hajafa. Winfrida akatoka mbio, akakataa, dawa ile haifai kuingia kwenye nyama ya watu. Akafungua begi langu bila ruhusa, akamchoma beberu dawa ya kumwamsha. Nami nilimshika pembe. Hilo liandikwe: nilimshika pembe. Beberu akaamka na wazimu, akakata kamba, akapanda milima ya nyuma ya kijiji, akazama msituni.

Kwa hiyo shughuli ya mapacha inaliwa kwa samaki, migebuka ya ziwani, badala ya mbuzi. Regina amekataa hata kusikia jina langu. Nilijisikia vibaya, kweli, hasa vile vichanga vilipoanza kulia. Bibi Yunisi peke yake kaniletea sahani, anadhani mimi ni daktari wa wazazi.

Jumamosi, 13 Septemba

Niliporudi Ujiji, Zuleha alisema niombe radhi, nimpe Winfrida kiti, nilale. Lakini ndani ya boti nilikuwa nimefikiri. Yule beberu yuko wapi sasa? Msituni. Anakula nini? Majani ya mwitu. Anamilikiwa na nani? Hashikiki. Huyo ni mnyama wa pori. Na nani alimtibu?

Nikasimama mkutanoni na hoja yangu. Nilizungumza vizuri mno. Nikasema unyamapori si damu, ni makazi. Wajumbe wawili wakaanza kuandika. Meshack akafungua katiba, akaifunga, akashika shavu. Niliuona ushindi, nikauona na mkono wangu ukifungua maji ya chupa.

Winfrida akaomba nafasi. Hakupandisha sauti. Akasema anaikubali hoja ya Mwenyekiti, beberu ni mnyamapori. Sasa anaomba Mwenyekiti aonyeshe kibali cha kumpiga mnyamapori sindano, maana sisi sote tunajua kumpiga bila kibali ni kosa, na mtu hushtakiwa.

Kibali sina.

Akaniambia basi nichague. Kama ni mnyamapori, niende nikajieleze. Kama ni mbuzi, sina sifa ya kugombea. Ukumbi mzima ukanitazama. Nilitafakari kwa muda uliostahili cheo changu, nikasema ni mbuzi.

Winfrida kashinda kwa kura zote. Meshack anasema na yangu imo, eti karatasi ilikuwa na jina moja tu na mimi niliweka alama kwa mazoea.

Nimelia kidogo chooni. Kiti wamekisogeza upande wake kabla sijatoka ukumbini.

Jumapili, 14 Septemba

Zuleha kanipikia wali wa nazi na kusema sasa nitapata muda wa kukaa nyumbani. Alisema kwa upole, na nusura nikubali.

Kisha ikaja picha kwenye kundi. Beberu karudi kwao Kagunga mwenyewe, kanenepa, kafungwa palepale. Watu wakaandika alhamdulillah na amina. Hakuna hata mmoja aliyeona maana yake. Mimi nimeona. Mnyama aliingia mwituni, akapata huduma yangu, akarudi kuishi na binadamu kwa hiari yake, ndani ya siku tatu. Wataalamu wakubwa wameshindwa kufanya hivyo kwa pundamilia!

Nimekata rufaa. Zuleha kauliza na kile kibali je. Nikamwambia hayo ni mambo madogo, yatajadiliwa mbele ya safari. Barua nimeianza hivi: "Mimi, daktari pekee mkoani aliyethubutu kumpiga mnyamapori sindano kwa mkono wake, bila kibali wala msaada wa mtu yeyote, naomba haki yangu." Nimesaini na kugonga muhuri wa chama, ambao sijaurudisha. Nakala nimepeleka kwa maofisa wa wanyamapori na kwa polisi, ili wawe mashahidi wangu.