Kuhamisha Kapu Kabla ya Saa Sita

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeigundua. Miaka ishirini na tisa ya kukagua ng'ombe haikwenda bure. Mimi Ndaki, afisa mifugo wa hapa Bariadi, bado miaka minne nistaafu, leo nimeona mnadani jambo ambalo wataalamu wa Dar hawajaliona. Fahali wa kutoka Migato wamepanda laki moja na nusu ndani ya wiki moja. Sababu ni Idd, Jumamosi. Watu wanatoa pesa. Watu wakitoa pesa kila kitu kinapanda. Hisa nazo ni kitu.

Niandike vizuri nisije nikasahau. Akiba yangu ya hiari ya uzeeni ina makapu mawili. Kapu la Hatifungani linatambaa tu, lakini halianguki. Kapu la Hisa linaruka, na likianguka linaanguka kweli. Ukituma maelekezo kwa simu kabla ya saa sita mchana, unahamishiwa kwa bei ya leo. Ukichelewa, bei ya kesho. Milioni tisa na laki nne zangu zimelala kwenye Hatifungani miaka sita kama wagonjwa wa wodini. Leo nimeziamsha. Zote Hisa!

Simu ilisumbua kidogo, ujumbe ukaenda saa sita na dakika nne. Dakika nne si kitu.

Jumatano, 4 Juni

Dakika nne ni kitu. Juzi Hisa zilipanda bila mimi. Jana zikapanda tena, ndipo nikanunuliwa zangu, kwa bei ya juu kabisa. Leo zimeshuka.

Lucy, ninayekaa naye ofisi moja, aliuliza kwa nini natazama simu kama mtu ambaye mkewe yuko leba. Nikamweleza nadharia ya fahali. Akauliza kama fahali wenyewe wanaijua. Lucy kitengo chake ni kuku. Hatuwezi kuelewana.

Ijumaa, 6 Juni

Zimeshuka tena. Nimebaki na milioni tisa na elfu themanini.

Nikapita dukani kwa Mudathiri, muuza saruji na mabati. Tulijiunga na mfuko huu siku moja, kwenye semina moja, kwa kiasi kilekile, na tangu siku hiyo sijapumzika. Yeye aliweka zote Hisa. Nikamuuliza anavumiliaje wiki hii. Akasema hajui kinachoendelea, neno la siri lilimpotea Januari na hajapata nafasi ya kuomba jingine. Alisema huku anapima misumari, anatabasamu. Nilimhurumia. Kisha nikafurahi. Kisha nikachukua hatua.

Saa nne na nusu asubuhi, zote zimerudi Hatifungani. Saa moja na nusu kabla ya muda! Sasa hiyo ndiyo nidhamu.

Jumamosi, 7 Juni

Pilau ya Idd kwa Mudathiri. Muzdalifa, mkewe, alinikalisha na wazee, nami nikawaeleza makapu kwenye sinia: wali ni Hatifungani, nyama ni Hisa. Walisikiliza kwa makini sana. Halafu wakamaliza Hisa zote, mimi bado naongea.

Bahati mbaya mke wangu, Justina, alikuwa chumba cha pili na alinisikia. Tukiwa njiani akauliza pesa yetu ikoje. Nikasema iko mahali salama. Akauliza ilikuwa wapi kabla haijawa salama. Yeye ni mwalimu, anauliza hivyo. Tulipofika mlangoni akanigeukia.

"Baba Salu," akasema, "hiyo ndiyo itatulisha tukiwa hatuna meno. Usiichezee."

Iliniingia. Niliona mikono yake, chaki imekaa kwenye kucha, na nikaona haya. Nimeapa sitaigusa.

Jumatatu, 9 Juni

Hisa zimepanda. Zimepandaje! Siku moja tu zimerudisha yote yaliyopotea wiki nzima, na juu yake. Mudathiri amerudishiwa hela yake bila kujua kwamba iliwahi kutoka.

Nimekifikiria kiapo. Niliapa kutoichezea. Kuihamisha kitaalamu si kuichezea.

Jumanne, 10 Juni

Chanjo ya ng'ombe, kijijini Zagayu. Saa tano na robo, mtandao hakuna. Nikamwachia msaidizi bomba la sindano, nikapanda juu ya kichuguu kirefu nyuma ya zizi, mkono mmoja juu. Mwenye ng'ombe, mama mtu mzima anaitwa Nyanjige, alikuja chini akanisalimu kwa Kisukuma, mwadila, akauliza taratibu kama ninaongea na wahenga wangu. Nikamwambia nahamisha mtaji. Akasema sawa, ila nihamishe haraka, ndani mna nyoka.

Saa tano na dakika hamsini na tisa ujumbe ukaenda! Zote Hisa! Niliruka chini, nikatenguka kifundo cha mguu, sikusikia maumivu mpaka jioni.

Jioni umekuja ujumbe mwingine. Mwanachama aliyehamisha mara tatu ndani ya siku thelathini anafungiwa kuhamisha kwa siku tisini.

Jumatano, 11 Juni

Hisa zimeshuka, nami nimo ndani kama ng'ombe kwenye josho. Nimepiga simu makao makuu ya mfuko. Dada mmoja, Violeth, mstaarabu, amenisikiliza hadithi yote hadi kichuguu.

"Mzee wangu," akasema, "hii sheria tuliweka kwa ajili ya watu kama wewe."

Kumbe wananifahamu.

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Siku ya tisini! Sikuandika kitu miezi hii kwa sababu hapakuwa na cha kufanya. Nilivuna choroko. Nilimsindikiza Justina kwa mdogo wake kule Nyalikungu, tukakaa siku tatu, tukacheka sana.

Leo nimefungua akaunti. Milioni tisa, laki nane na elfu sitini! Nilimkimbilia Justina na simu mkononi. Alisoma, akafurahi, akanishika bega. Kisha akauliza kama sasa nimeona, kwamba imekua siku zote ambazo sikuruhusiwa kuigusa. Mudathiri ana zaidi ya hapo, alipata neno jipya la siri wiki iliyopita, akaangalia mara moja, akafunga.

Nimekaa na maneno ya Justina asubuhi nzima. Anasema kweli. Ni siku tisini kamili. Maana yake bei ya fahali wa Idd huchukua miezi mitatu kufika kwenye Hisa. Nadharia ilikuwa sahihi tangu mwanzo, ilichelewa tu njiani. Na kama imefika leo, leo ndiyo kilele.

Saa tano na nusu nimehamisha zote Hatifungani.

Saa nane mchana: mnadani fahali wamepanda elfu ishirini. Nimebakiwa na nafasi mbili za kuhamisha, na mwezi bado mbichi.