Kisahani Changu cha Dhahabu

Jumatatu, 3 Juni
Wifi kaja kuazima chumvi, medali shingoni. Ya shaba, ya kuogelea, ya mwaka jana. Nimekwenda kwa karani wa michezo ya wazee kuuliza ni mchezo upi hauna watu. Kurusha kisahani, wanawake wa miaka sitini na tano kwenda juu. Mwaka jana hakutokea hata mmoja. Nimejiandikisha. Sijawahi kukishika, ila kikitupwa lazima kianguke mahali.

Jumatano, 5 Juni
Mazoezi uani kwa sahani ya bati. Imepaa nyuma badala ya mbele, ikatua kwenye beseni la jirani la kufulia. Jirani ameuliza kama nina ugomvi naye.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa. Karani ana furaha: michezo imekua, kwenye kisahani tumefika kumi na wawili. Yumo mkunga mstaafu, mwenye mikono kama mihimili. Yumo na wifi. Kasema kasikia nimejiandikisha, akaona asiniache mpweke.

Ijumaa, 7 Juni
Saluni. Nimemnong'oneza msusi kwamba kisahani kimesogezwa kutoka kesho hadi Jumapili, nikamsihi asimwambie mtu. Kufika adhuhuri mkunga kanipigia simu kunipa habari hiyo. Nimemshukuru sana.

Jumamosi, 8 Juni
Uwanjani saa mbili kamili. Hakuna mshindani hata mmoja. Hakuna mwamuzi pia. Mlinzi akanionea huruma: "Mama, hukuambiwa? Ni kesho. Mwamuzi mkuu kaambiwa na mkewe, naye kaipata saluni." Nimerusha hata hivyo, mara tatu, mlinzi akipiga makofi. Ya tatu imeondoka na mgongo wangu.

Jumapili, 9 Juni
Nimeshindana nimepinda kama kulabu. Nimekuwa wa kumi na mbili. Wifi, dhahabu. Kanikumbatia mbele ya watu, akasema bila mimi asingethubutu. Machozi yalimtoka kweli. Nikaona haya, kidogo. Haya iliniisha alipovaa medali zote mbili zikaanza kugongana.

Jumatatu, 10 Juni
Mwakani kutakuwa na kuruka kwa upondo. Mtu mzima gani, na nyonga hizi, atakimbia na mti mrefu aruke juu ya kamba? Nimejiandikisha. Karani nimemwapisha asimwambie mtu. Ameapa bila kusita, akasema ndivyo alivyowaapia na wale wanawake wanne walionitangulia asubuhi. Nimerudi nyumbani moyo mweupe. Watu wa kutunza siri namna ile wamebaki wachache.